Ukuta Uliokauka Wakati wa Mvua

Unamjua aliyejenga ukuta unaokizuia kilima kisikuangukie kitandani?

Humjui. Usijisumbue kutafuta jina lake kichwani, halimo. Unamjua aliyekushonea suti, unamjua anayekutengenezea simu, na gari lako likianza kukohoa unajua la kumpelekea nani. Lakini yule aliyepanga mawe nyuma ya chumba wanamolala wanao ulimwona mgongo tu, siku ile alipokuwa ameinama akichanganya saruji, ukampita ukaenda zako. Basi leo tumtazame mmoja wao usoni.

Wanamwita Fundi Matundu. Jina hilo hakujipa. Alipewa na mafundi wenzake kwa kumcheka, kwa sababu kila ukuta anaoujenga huuachia vitundu safu mbili, moja karibu na ardhi na nyingine usawa wa kifua, na katika kila kitundu huchomeka kipande cha bomba la plastiki. "Huyu hajengi ukuta," walisema, "anajenga chujio." Akacheka nao. Cheka hapa, cheka pale, jina likamganda, na leo hata mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi, husema Matundu ametoka.

Ni mtu mfupi, mabega mapana, kimya wakati wa kazi na msemaji wakati wa chai. Viganja vyake vimekakamaa hivi kwamba anaweza kutoa sufuria motoni bila kitambaa, na hilo ndilo jambo pekee analojivunia mbele ya watoto wake. Mtaa wao umekaa ubavuni mwa kilima, nyumba juu ya nyumba, paa la huyu likiwa sawa na kizingiti cha yule. Aliyejaliwa hukaa juu, penye upepo na mandhari. Asiyejaliwa hupanga chini, yanakoishia matope ya watu wote. Kati ya mmoja na mwingine ndipo hukaa kuta za Fundi Matundu, zimebeba kilima mgongoni mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayezisemesha.

Lakini ukuta wake wa kwanza haukuwa na kitundu hata kimoja.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameiva kwa kiburi kama embe lililosahauliwa juani. Kaka yake, kinyozi, alikuwa amepata kiwanja chini ya mteremko, akamwambia, "Mdogo wangu, nijengee kitu kitakachonizidi umri." Akajenga. Mawe aliyachonga mwenyewe, moja moja. Viungo alivijaza saruji mpaka sisimizi akakosa pa kupita. Ukuta ukatoka laini, umenyooka kama mstari wa daftari, na mtaa mzima ukaja kuutazama. Mzee mmoja wa kazi hiyo aliugonga kwa fimbo, akauliza, "Maji yatapita wapi?" Kijana akamjibu, "Hayapiti, mzee. Ndiyo maana nimejenga." Yule mzee akatikisa kichwa na kwenda zake. Asiyesikia la mkuu, wanasema, huvunjika guu. Safari hii guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Mvua ya msimu wa tatu ilipokolea, kaka mtu alikuwa nyuma ya nyumba, adhuhuri, akiziba pancha ya baiskeli. Ukuta ukamlalia mguu. Akakaa hospitali miezi miwili na kutoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vitatu. Fundi hakwenda kumtazama wiki nzima, aibu ilimfungia ndani, mpaka alipoletewa salamu kutoka wodini: "Mwambieni aje. Mguu hauniumi kama anavyoniumiza kwa kutokuja."

Fundi alipotoka kumtazama hospitali alikwenda kwenye kifusi, akaokota jiwe moja moja kama anayetafuta pete. Mawe yalikuwa mazima. Saruji ilikuwa nzuri, imeshika kama ulimi na kaakaa. Kosa halikuwa katika kilichojengwa. Kosa lilikuwa katika kilichonyimwa njia. Udongo mkavu ni mpole, unakaa ulipowekwa. Ukilowa unakuwa mzito, na yale maji yakikosa pa kutokea yanajaa nyuma ya ukuta na kusukuma, kama watu waliofungiwa ukumbini moto ukiwaka. Hapo hata ukuta wa chuma utasalimu amri. Tangu siku ile akajua kwamba kazi ya ukuta ni kushika udongo na kuyaaga maji. Nyuma ya mawe akaanza kujaza kokoto, ukuta akauegemeza kilimani kidogo, na vitundu akaviacha wazi. Waliomcheka wakapata la kucheka.

Miaka ishirini na miwili imepita, na kuta zake zimezidi sitini. Na ana desturi moja ambayo hakuna fundi mwenzake aliye nayo: mvua kubwa ikinyesha, kesho yake huzizungukia zote, kama mkunga anayepita kuwatazama waliojifungua mikononi mwake. Hatafuti kazi. Hata hodi hapigi. Husimama njiani, akatazama vitundu vikitiririka, akaridhika, akaenda kwenye ukuta mwingine.

Jumamosi moja, baada ya siku sita za mvua, alichukua mfuko wake wa zana na kuelekea mlangoni. Mkewe alikuwa anamimina chai.

"Baba watoto, chai hii nimempikia nani?"

"Nikirudi nitaikuta."

"Utaikuta baridi. Kuta hazina miguu, hazitakimbia."

"Zikikimbia hizo, mama watoto, hutapata muda wa kumimina."

"Haya nenda kwa wake wenzangu wa mawe," alisema mkewe, akafunika kikombe kwa sahani.

Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Akapita kuta nane, zote zinatiririsha maji vizuri. Ukuta wa tisa ulikuwa chini ya kiwanja cha mwalimu mstaafu, naye ndiye aliyemwita kuujenga miaka sita nyuma. Wakati ule chini palikuwa kichaka. Baadaye mwenye kiwanja cha chini, anayeishi mji mwingine, akapachika pale vyumba viwili vya kupangisha, na jiko la mabati likasukumwa nyuma mpaka likaegemea ukuta wenyewe.

Fundi akasimama akakunja uso. Ukuta ulikuwa mkavu.

Si mkavu tu. Ulikuwa msafi, umepakwa chokaa nyeupe kutoka mwisho hadi mwisho, hauna doa wala tundu. Kuta zote za mtaa zilikuwa zinavuja kama pua za watoto, na huu mmoja ulikuwa umekauka kama sahani kabatini. Mpita njia angeusifu. Fundi Matundu alizunguka haraka mpaka kwenye baraza ya vile vyumba.

"Hodi."

"Karibu." Mshonaji aliyepanga vyumba vile alikuwa barazani kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Pembeni yake palikuwa na rundo la mashati meupe ya shule. Watoto wake wanne walikuwa wanakimbizana, wakiingia chumbani na kutoka.

"Dada, mimi ndiye niliyejenga ukuta wako huo wa nyuma."

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Kumbe ndiye wewe. Umenitesa mwaka mzima. Maji ya matope yanamwagika toka kwenye vile vishimo, nikianika nguo za watu zinarudi na madoa. Nimeshafua shati la mteja mara nne kwa ajili yako."

"Ukaviziba?"

"Nimeviziba kabla ya mvua hizi, mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Vitambaa kwanza, halafu saruji juu, halafu chokaa. Hata mwalimu wa juu alichungulia akaniambia, mama, sasa ukuta umependeza." Akacheka. "Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi nimeziba mapema."

"Wahenga walisema ufa, dada. Hawakusema tundu."

"Tofauti yake nini?"

"Nipe dakika kumi nikuoneshe."

Akatoa kamba, akaifunga kwenye msumari upande mmoja wa ukuta na kuivuta, juu ya paa la jiko, mpaka upande wa pili. Kamba iliyonyooka haijui kudanganya. Mwanzoni ilikaa sawa na ukuta, na mwishoni pia, lakini katikati, pale lilipo jiko, ukuta uliisukuma ikatoka nje vidole vinne. Ukuta ulikuwa umeota tumbo. Juu ya tumbo hilo, pembeni mwa mabati ya jiko, palikuwa na ufa mwembamba uliopasua chokaa. Akatoa wembe mfukoni, akauingiza. Ukaingia.

"Umeona?"

"Naona wembe," alisema mshonaji. "Ukuta umenenepa. Nani asiyenenepa?" Lakini hakucheka tena, na aliita mtoto wa mwisho aliyekuwa karibu na jiko akamvuta kwenye gauni lake.

"Dada, leo msilale humu."

Mshonaji akamtazama juu mpaka chini. "Kila fundi akikosa kazi huona nyufa," alisema taratibu. "Mashati arobaini haya, shule inayataka Jumatatu saa mbili. Nikihama leo nitashonea wapi? Mtini?"

Fundi aliikunja kamba yake. Alipanda ngazi kwenda kwa mwalimu.

Juu palikuwa dunia nyingine: baraza yenye vigae, viti vya mianzi, bustani iliyokatwa kwa mkasi, na mstari mrefu wa waridi ukingoni kabisa, pale udongo ulipokutana na kichwa cha ukuta. Mfereji wa bati wa paa la mwalimu ulikuwa unamwaga maji yote pale pale kwenye waridi. Siku sita mfululizo.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na alisikiliza kama anayesahihisha.

"Fundi, uliniambia ukuta huu utakaa miaka hamsini."

"Nilikuambia pamoja na vitundu vyake, Mwalimu."

"Na aliyeviziba si mimi."

"Si wewe. Lakini maji ni yako. Niruhusu nichimbe mtaro hapa ukingoni, uyapeleke njiani."

Mwalimu akatazama waridi. "Hapo hapachimbwi."

"Kwa nini?"

"Alipanda mke wangu. Mwaka ule ule aliofariki. Chimba popote pengine, fundi. Hapo usinichimbie."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Akauondoa mguu wake kando ya waridi. Kisha mwalimu, kana kwamba ndiye aliyeshindwa, akasema kwa sauti ndogo, "Yule mama mimi nilimsifu. Nilimwambia umependeza."

"Hukumwambia vitundu ni vya nini?"

"Sikumwambia. Ilikuwa kazi yangu?"

Swali hilo halikuulizwa kwa ubaya, lakini lilimchoma fundi kuliko tusi. Ilikuwa kazi ya nani? Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaeleza wa juu. Wa juu ndio wanaomwita, ndio wanaomlipa, ndio wanaomkalisha kwenye viti vya mianzi na kumuuliza utakaa miaka mingapi. Kwao huchora kwa kijiti mchangani: hapa kokoto, hapa bomba, hapa maji yatatoka, msizibe. Lakini ukuta ukianguka hauangukii juu. Unamwangukia wa chini, na wa chini hakuwahi kuchorewa kitu na mtu yeyote. Hebu piga mahesabu, wewe unayesoma, ni mambo mangapi katika mitaa yetu yameelezwa vizuri sana kwa watu ambao hayawezi kuwaua. Mshonaji alikuwa ameziba vitundu vile kwa akili zake timamu, kwa bidii, kwa usafi. Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye kazi na watoto wanne angefanya. Aliyekosa ni aliyejua akanyamaza, na hapo Fundi Matundu alijihesabu wa kwanza.

Hakupata mtaro, lakini hakuondoka mikono mitupu. Mwalimu mwenyewe alishika ngazi, fundi akapanda, wakafunga bomba refu mdomoni mwa mfereji wa paa na kuyageuza maji kuelekea njiani. Hilo liliondoa maji mapya. Yale ya siku sita yalikuwa bado ndani, yamekaa nyuma ya chokaa nyeupe, yanangoja.

Aliporudi chini, saa sita ilikuwa imepita. Akajaribu ufa kwa wembe, ukapwaya. Akatoa kijiti cha kiberiti. Kikaingia.

Alikimbia kwa kaka yake.

Kinyozi alikuwa kazini, mteja ameshanyolewa upande mmoja. Fundi akaeleza kwa maneno machache mlangoni, akihema. "Hanisikii, kaka. Ananiona natafuta kibarua. Nimekuja unisaidie kusema."

"Kusema nini?"

"Mguu."

Kaka mtu akazima mashine. Katika miaka yote ile mdogo wake hakuwahi kuutaja mguu ule mbele ya mteja, na yeye hakuwahi kumlazimisha. Watu walijua tu kwamba kinyozi ni kilema, basi.

"Na mimi?" aliuliza mteja, akijishika nusu ya kichwa.

"Wewe una mikono miwili. Njoo ubebe cherehani, kichwa tutakimalizia baadaye."

Ndivyo walivyofika kwa mshonaji watu watatu, mmoja anahema, mmoja anachechemea, na mmoja kanyolewa nusu. Watoto walimwona yule wa mwisho wakafa kwa kicheko. Mama yao hakucheka. Kinyozi akakaa kwenye ngazi ya baraza, akapandisha suruali mpaka gotini.

"Shika hapa, shemeji."

"Shemeji yako nani? Na sishiki mguu wa mtu."

"Basi tazama. Unaona palivyoingia ndani? Hapo jiwe lililala robo saa kabla hawajaliondoa."

"Pole. Ulianguka?"

"Mimi nilikuwa nimekaa kitako. Kilichoanguka ni ukuta wa bwana huyu."

Mshonaji akageuka polepole. "Ni kweli, fundi?"

"Ni kweli."

"Ulimwangushia ndugu yako ukuta?"

"Ulikuwa mzuri kuliko huu. Mkavu, mweupe, hauna tundu. Nilikuwa nautazama nafurahi kama unavyoutazama wewe."

"Na bado unataka nikusikilize."

"Kwa sababu hiyo hasa, dada. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mimi nimeumwa, na hili ninaloliona si ung'ong'o." Akawatazama watoto. "Nilipaswa nije kukueleza siku ile ulipohamia hapa. Nilikuwa napita njiani, natazama mawe, siwatazami watu. Kosa ni langu. Lakini usilalie kosa langu."

Mshonaji akatazama mashati, akatazama watoto, akatazama mlango wa chumba. Hapo ndipo alipokuwa na kila kitu. Si jambo dogo kumwambia mtu atoke na maisha yake barazani mvua ikinyesha, kwa sababu ya kijiti cha kiberiti.

"Ukuta usipoanguka," alisema, "nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima."

"Usipoanguka mnicheke mimi. Mniite jina lolote."

"Jina baya tayari unalo."

Kinyozi akacheka mpaka akajipiga paja. "Duka langu lina taa kali na viti viwili," alisema. "Mimi nanyoa, wewe unashona. Mtu akiingia atatoka na kichwa kipya na shati jipya. Watoto watalala kwa huyu, mkewe ana uji wa kutosha na mdomo wa kuwalaza mapema."

Wakahamisha. Mteja wa nusu kichwa akabeba cherehani peke yake, akipita njiani kama mfalme aliyevuliwa taji upande mmoja. Mashati yakafungwa kwenye shuka, vitanda vikasimamishwa nje chini ya turubai. Jiko tu ndilo waliloliacha. Fundi alipiga mstari kwa kisigino matopeni, hatua tano kutoka kwenye tumbo la ukuta, akasema ndani ya mstari huu hasimami mtu, awe nani.

Kisha yeye na kaka yake wakaanza kufungua vitundu. Hawakusimama mbele ya ukuta. Walianza pembeni kabisa, mmoja kila upande, kila mtu ameshika nondo ndefu na kusimama ubavuni mwa kitundu, miguu tayari kukimbia. Kitundu cha kwanza kilipopasuka saruji, hakikutoa maji mara moja. Kilitoa kitambaa cha maua. Cha pili, lesi. Cha tatu, kipande cha sare ya buluu. Mshonaji alivitambua vyote akiwa mbali: "Hilo gauni la harusi ya dada wa duka la dawa." Na nyuma ya kila kitambaa yakafuata maji, mekundu kama kutu, yakiruka hatua mbili mbele kabla ya kugusa ardhi. Watoto wakashangilia. Fundi hakushangilia. Alikuwa anasikiliza jinsi ukuta unavyopumua.

Chini palikuwa na vitundu kumi na viwili. Kufikia saa kumi na moja jioni walikuwa wamefungua tisa, na safu ya juu karibu yote. Vitatu vilivyobaki vilikuwa nyuma ya jiko, katikati ya tumbo.

"Tuvunje mabati tuvifikie," alisema kaka mtu.

"Hapana."

"Vitatu tu, mdogo wangu. Ndivyo vyenye ugonjwa."

"Ndiyo maana. Hapo hapasimami mtu, kaka. Sina mguu mwingine wa kukuvunjia."

Kinyozi akaiweka nondo chini bila ubishi. Fundi akafunga kamba upya mbele ya ukuta, mbali na tumbo kiasi cha vidole viwili, ili kesho imwambie kilichotendeka. Wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi jua lilitoka. Anga liliamka safi, bati zikang'aa, na mtaa mzima ukawa na uso wa mtu aliyepona homa. Saa kumi na mbili na nusu fundi alikuwa ameshafika. Vitundu tisa vilikuwa bado vinatoa maji, sasa kwa utulivu, uzi mwembamba mwembamba. Alikuwa hajaifikia kamba aliposikia sauti za watoto njiani. Mshonaji alikuwa anakuja na wote wanne, khanga begani, macho mekundu kwa kushona.

"Kumekucha salama, fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa na utani ndani yake. "Naona kilima kiko pale pale."

"Kumekucha. Mnakwenda wapi?"

"Nachukua pasi. Ipo jikoni. Mashati thelathini na moja yako tayari, yamejikunja kama ngozi ya bibi. Nusu dakika tu."

"Ngoja."

"Fundi, jua hilo linawaka."

"Jua linakausha nguo. Udongo haujui kama kumekucha." Alikuwa amesimama kwenye mstari aliouchora jana, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe. "Ngoja niisome kamba."

Akaenda pembeni mwa ukuta, akainama kwenye msumari wa kamba. Jana kamba ilikuwa mbali na ukuta vidole viwili. Sasa ukuta ulikuwa umeifikia, umeisukuma, na kamba imekaza ikapinda kama upinde. Akaigusa kwa ukucha. Ilitoa mlio.

"Rudini," alisema. Hakupaza sauti. "Rudini mpaka njiani. Wote."

Mshonaji alimtazama uso. Akamshika wa mwisho mkono, akamsukuma wa kwanza mbele, wakarudi kinyumenyume. Fundi alirudi nyuma yao, uso ukiwa ukutani.

Kamba ikakatika kwanza. Halafu pale katikati, nyuma ya jiko, ukuta ukakaa chini. Haukupiga kelele za kutisha. Ulishuka taratibu, kama mtu mzima aliyechoka anavyojiachia kitini, na jiko la mabati likakunjwa chini yake kama karatasi. Udongo ukafuata, mwekundu, mzito, ukavuka mlango wa nyuma wa chumba, ukapita palipokuwa na kitanda cha watoto, ukaishia barazani. Juu, mwalimu alikuwa ametoka na nguo za kulalia, amesimama hatua chache tu kutoka pale bustani yake ilipong'olewa, mikono kichwani. Pande zote mbili za pengo, ukuta ulibaki umesimama na vitundu vyake wazi vikiendelea kutoa maji.

Mshonaji akainua kidole, akaanza kuhesabu watoto wake: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akahesabu tena tangu mwanzo, akiwagusa vichwani mmoja mmoja. Kisha akamgeukia fundi, aliyekuwa mweupe kwa vumbi la chokaa mpaka kwenye kope, akamgusa kifuani kwa kidole kile kile, akasema, "Watano."